Mama anataka kuweka santuri zake mwenyewe. Ninunue pleya ipi?

Habari za kazi, mshauri.

Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Baba alifariki mwaka jana na mama amehamia kwangu. Amekuja na kreti mbili za santuri za marehemu: zipo kubwa zenye nyimbo nyingi, zipo ndogo za wimbo mmoja kila upande, na chache nzito ambazo anasema zilikuwa za babu. Kuna Mbaraka Mwinshehe, Salum Abdallah, NUTA Jazz na taarabu za zamani. Pleya ya baba ilishakufa siku nyingi.

Mama ana miaka 71. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, maandishi madogo yanamsumbua, na mkono wa kulia unatetemeka kidogo. Anataka kuweka santuri mwenyewe mchana mimi nikiwa kazini. Nyumbani wapo watoto wawili, mdogo ana miaka 3. Sabufa ninayo, ina matundu ya AUX na Bluetooth. Umeme unakatika, na vumbi la mtaa wetu wanaolijua wanalijua.

Ushauri niliopewa umenichanganya. Kaka yangu wa Dar ameona Kariakoo pleya used ya Japani, nzito, anasema hizo ndizo zenyewe. Rafiki yangu anasema nichukue zile za begi zenye spika ndani kwa ndani, bei rahisi. Fundi redio wa mtaani anasema zote ni sawa. Nina laki sita. Nichukue ipi, na niifungeje?

Binti wa Nkuhungu

JIBU

Dada, pole kwa kuondokewa na mzee. Pleya zote si sawa, na kwa nyumba yako tofauti kubwa haiko kwenye sauti. Iko kwenye swali hili: nani anashusha sindano?

Kwenye pleya ya mkono, mtu ananyanyua mkono wenye sindano, anaupeleka mpaka ukingo wa santuri, anaushusha, na upande ukiisha anaurudisha mahali pake. Pleya nusu otomatiki inaanzishwa na mtu, ila upande ukiisha sahani inayozungusha santuri inasimama yenyewe. Baadhi huinua mkono, baadhi huuacha hapo hapo juu ya santuri. Otomatiki kamili unabonyeza kitufe cha START tu. Mkono unanyanyuka, unakwenda, unashuka, na upande ukiisha unarudi kwenye kishikio chake na sahani inazima.

Kwa mama, chukua otomatiki kamili na usikubali kushawishiwa vinginevyo. Ncha ya sindano ni kipande cha almasi ambacho jicho halikioni vizuri, kimebebwa na kijiti chembamba sana. Mkono wa mama ukitetemeka na sindano ikaangukia santuri kutoka sentimita mbili juu, mfuo, yaani ule mstari mwembamba wenye sauti, unakwanguka na kijiti kinaweza kupinda. Pleya nyingi za mkono zina kiwiko cha kushushia sindano taratibu, na kinasaidia, lakini kulenga ukingo wa santuri bado ni kazi ya jicho. Halafu kuna kusinzia. Mzee akipitiwa na usingizi saa nane mchana, pleya ya mkono itaendelea kuzungusha sindano kwenye mfuo wa mwisho, tik, tik, tik, mpaka utakaporudi kazini. Sindano inaisha bure.

Tuje kwenye ya kaka yako. Hajakosea kuhusu ubora: pleya nyingi za Japani za miaka ya 1970 na 1980 zimetengenezwa vizuri mno, na nyingine ni otomatiki kamili. Tatizo liko nyuma ya mashine, kwenye kibandiko. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani itasomeka AC100V. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, transfoma yake ya ndani au mota inaungua ndani ya muda mfupi. Utahitaji stepdauni ya kushusha 230 kuwa 100. Ya wati 50 inatosha, kwa sababu pleya haili umeme mwingi. Lakini fikiria matumizi ya kila siku: siku moja mtu anafagia, anachomoa, anarudisha plagi kwenye soketi ya karibu badala ya kwenye stepdauni. Basi, imekwenda. Kwenye nyumba yenye watoto na mikono mingi, mimi nisingeiweka.

Uangalie pia hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde. Japani yenyewe ina 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, ndiyo maana pleya zao nyingi zinakubali zote mbili. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Kama mota yake inafuata mzunguko wa umeme, stepdauni haitaiponya: kwenye hezi 50 za kwetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji atasikika kama anaimba huku analala. Kipimo cha kufanya hapo hapo dukani hakihitaji kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, weka spidi ya 33 (yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika), washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Iwe 100. Ukipata 83 au 84, hiyo mashine ilitengenezewa umeme wa hezi 60. Ukipata namba inayobadilika kila ukipima, mkanda unaozungusha sahani umelegea au mota imechoka. Mkanda wa mpira uliokaa miaka bila kutumika hulegea au huyeyuka ukawa kama lami. Kuubadilisha ni rahisi, ila uupate wa kipimo chake.

Zile za begi sizipendi kwa santuri za mzee wako, na sababu ni uzito. Katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, ikiwa nzuri ya kawaida inakandamiza santuri kwa gramu 1.5 mpaka 3.5. Nyingi za begi zina katriji ya kauri inayokandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na sindano ya yakuti inayochakaa haraka kuliko almasi. Sindano iliyochakaa inageuka patasi. Juu ya hapo spika ziko kwenye boksi lile lile lenye sindano, kwa hiyo besi ikipanda sindano inaruka. Na karibu zote ni za mkono, maana yake mama anarudi kwenye shida ile ile ya kulenga. Santuri zilizochapwa zaidi ya miaka 40 iliyopita hazirudi dukani. Usizilishe mashine ya namna hiyo.

Kwa bajeti yako tafuta otomatiki kamili mpya, ya mkanda, yenye kikuza sauti cha phono (cha kukuza sauti hafifu ya sindano) ndani yake na adapta ya ukutani. Mfano unaojulikana ni Audio-Technica AT-LP60X. Inacheza 33 na 45, ina kitufe cha kuanza, cha kusimamisha na cha kunyanyua au kushusha sindano, na uzito wa sindano umeshapangwa kiwandani, hakuna wa kuuchezea. Mota yake inatumia volti 12 za DC kutoka kwenye adapta, kwa hiyo mambo ya hezi hayaihusu. Hakikisha tu adapta uliyopewa inasomeka 230V au 100–240V. Ikiwa imekuja na ya 120V, usiichomeke; nunua adapta nyingine ya volti 12 DC yenye ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya awali, na plagi yenye chanya na hasi upande ule ule. Wapenzi wa sauti watakwambia mashine hii huwezi kuibadilishia katriji nzima. Ni kweli. Sindano yake, ATN3600L, inabadilishika kwa vidole bila bisibisi, na kwa nyumba yako hilo ndilo la maana.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo pleya otomatiki zinapoharibiwa. Zina swichi mbili tofauti: moja ya spidi, 33 au 45, na nyingine ya ukubwa wa santuri, sentimita 30 au 17. Swichi ya ukubwa ndiyo inayoiambia mashine ishushe sindano wapi. Mama akiweka santuri ndogo wakati swichi iko kwenye 30, mkono utashuka pale ambapo ukingo wa santuri kubwa ungekuwa. Hakuna santuri hapo. Sindano inaangukia kwenye zulia la sahani inayozunguka, au pembeni kabisa, na inaweza kung'oka. Akikosea spidi, wimbo utamwambia mara moja. Akikosea ukubwa, sindano imeshaumia kabla hajajua.

Dawa yake ni mpangilio wa kreti. Kubwa zote kreti moja, ndogo zote kreti nyingine, zisichanganyike. Chukua rangi ya kucha nyekundu, weka tone upande wa 17 kwenye swichi ya ukubwa na tone upande wa 45 kwenye swichi ya spidi, kisha bandika utepe mwekundu kwenye kreti ya ndogo. Kreti yenye nyekundu, swichi zote mbili kwenye nyekundu. Kubwa ziachie rangi nyeupe. Kitufe cha START kiwekee tone nene kiasi cha kidole kulihisi bila kuangalia. Zipo santuri kubwa chache zinazochezwa kwa 45, na ndogo chache za 33. Soma lebo za kreti zote mbili siku moja ukiwa na nafasi, na hizo zitoe pembeni. Santuri ndogo zenye tundu kubwa katikati zinahitaji kile kijazio cha duara kinachokuja na pleya. Kifunge kwa uzi karibu na mashine, la sivyo mtoto wa miaka mitatu atakichukua wiki ya kwanza.

Kuunganisha na sabufa hakuna ufundi. Sauti inayotoka kwenye katriji ni milivolti chache tu, na imerekodiwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani. Lazima kiwepo kikuza sauti cha phono cha kuirudisha ilivyokuwa. Sabufa yako haina, pleya inayo. Nyuma yake au chini yake kuna swichi ya PHONO na LINE: weka LINE. Waya mwekundu kwenye tundu jekundu la AUX, mweupe kwenye jeupe. Ukisikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi, swichi imebaki PHONO. Siku ukija kununua amplifaya yenye tundu la PHONO ukachomeka hapo huku pleya ikiwa LINE, sauti itakuwa kubwa na ya kukwaruza, kwa sababu imekuzwa mara mbili. Ukisikia mvumo wa chini usioisha, sogeza waya za sauti mbali na waya za umeme na adapta. Pleya zenye waya wa ethi pembeni, ule ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya. Bluetooth iache. Kuna toleo lenye nayo, lakini siku vifaa vikikataa kuunganishwa mama atakupigia simu kazini. Waya hauna mambo hayo.

Pleya isikae juu ya sabufa, wala kwenye shelfu moja nayo. Mtikisiko wa besi unapanda kwenye mbao, unaingia kwenye sindano, unarudi kwenye sabufa, na muungurumo unazidi kukua. Ziachanishe angalau mita moja. Sabufa ikae sakafuni, pleya kwenye meza nzito isiyoyumba. Azima pimamaji kwa fundi mwashi, laza juu ya sahani kwa pande mbili, na uweke vipande vya kadi chini ya miguu mpaka povu likae katikati. Kimo cha meza kiwe cha kiunoni kwa mama akiwa amesimama, asiwe anainama. Mashine yenyewe ni kama sentimita 36 kwa 37, ila juu yake acha sentimita 40 wazi ili kifuniko kifunguke chote. Kabati nyingi za TV hazina nafasi hiyo, na mtu anaishia kukitoa kifuniko. Kwa vumbi la Dodoma hilo ni kosa. Kifuniko kifungwe hata wakati santuri inacheza. Kinazuia vumbi, na mikono midogo pia.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, sahani inasimama na sindano inabaki kwenye santuri. Mfundishe mama mambo mawili tu: anyanyue sindano kwa kitufe chake, kisha azime swichi ya ukutani. Asiusukume mkono kwa vidole, kwa sababu ndani mna meno ya plastiki yanayoweza kukatika yakilazimishwa. Swichi ya ukutani ina sababu: umeme ukirudi, sahani inaweza kuanza kuzunguka ghafla, na umeme unaorudi mara nyingi hurudi na kishindo. Kilinda umeme kama kile cha friji kinafaa hapa, adapta na sabufa zote zipite humo.

Vumbi ni kazi ya kila siku. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba hewa yetu ni kavu, na santuri ikichomolewa kwenye mfuko wa karatasi inajaa umeme tuli, inavuta vumbi lote lililo karibu. Nunua brashi ya nyuzi za kaboni. Kabla ya kucheza, santuri ikiwa juu ya sahani, pitisha brashi kwa kufuata mzunguko wa mifuo kisha iteleze kuelekea nje. Sindano nayo ina brashi yake ndogo: futa kutoka nyuma kuja mbele tu, kamwe usifute kwa ubavu. Kazi hii ya sindano ifanye wewe Jumapili, si mama.

Santuri za kreti mbili hizo zitahitaji kuoshwa kabla ya yote. Usitumie maji ya bomba. Maji ya kwetu yana chumvi na yakikauka yanaacha ukungu mweupe ndani ya mifuo. Tumia maji safi ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, na soma chupa vizuri usije ukauziwa asidi. Lita moja, tone moja la sabuni ya vyombo. Lebo isilowe. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, zungusha kufuata mifuo, suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni, kisha simamisha kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, kivulini. Jua la saa saba linazipinda.

Sindano ya akiba inunue siku hiyo hiyo unayonunua pleya, maana Dodoma haipatikani kila duka. Kadiria saa 300 mpaka 500 za kucheza. Mama akisikiliza saa moja kila siku, utaibadilisha baada ya mwaka hivi. Ikianza kusikika mikwaruzo kwenye herufi "s" za mwimbaji, hata kwenye santuri safi, usingoje tarehe. Na kama pleya inatoka Dar, kwa basi au kwa treni ya SGR, ipakatwe au ikae miguuni, ikiwa na kifuniko cha sindano na mkono umefungwa kwenye kishikio. Kwenye buti, chini ya magunia, hapana.

Zimebaki zile nzito za babu. Karibu hakika ni za spidi ya 78, za enzi ambayo taarabu ya Siti binti Saad ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na ziliendelea kutengenezwa mpaka kama 1960. Nyingi zina upana wa sentimita 25, ni ngumu, na zikianguka zinavunjika vipande. Usiziweke kwenye pleya hii. Pleya haina spidi hiyo, na mfuo wa santuri hizo ni mpana: sindano ya kawaida, yenye ncha ya maikroni kama 18 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inazama mpaka chini kwenye uchafu, wakati 78 zinahitaji ncha ya maikroni 70 na kitu. Usizioshe kwa spiriti wala kitu chochote chenye pombe, kwa sababu zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na pombe inaiyeyusha. Maji yale ya betri kidogo, kisha zifutwe zikauke papo hapo. Zisimamishe wima kwenye kreti yao, kila moja na mfuko wake, na utafute mtu mwenye pleya ya 78 na sindano yake sahihi azirekodi mara moja kwenye flashi. Mama atazisikiliza kutoka kwenye sabufa hiyo hiyo, na zenyewe zibaki zilivyo.